Paka shume katolewa kizazi, mshono umefumuka na dokta hapokei simu, nisaidieni

binti_magomeni

Habari za usiku jamani. Naomba msaada wa haraka, na baadae naomba ushauri wa muda mrefu maana hili jambo limeshanichosha akili.

Naishi Magomeni, nyuma ya nyumba tuliyopanga kuna uchochoro unatokea kwenye magenge na kwa dada anaekaanga samaki, basi hapo ndo kwao paka wote wa mtaa. Hawana mwenyewe. Ni paka shume wenyewe kabisa, ukimsogelea anavimbisha mgongo na kukutolea meno, ukimwekea chakula anasubiri uondoke kwanza. Kuna jike mmoja wa mabaka meusi na ya njano kila nikigeuka ana mimba, anazaa chini ya mabati ya genge, vitoto vikitambaa kidogo vinaingia kwenye mtaro au vinakanyagwa na bajaji, na yeye anabaki analia uchochoro mzima usiku kucha. Nikasema basi inatosha, tukachangishana na jirani yangu na yule dada wa samaki, nikatafuta mtu wa kumtoa kizazi.

Nilimpata daktari wa mifugo akakubali. Tukamnasa kwa tenga la kuku na dagaa wa kukaanga, tukafunika kanga, mpaka kliniki. Jioni narudishiwa paka bado amelewa ile nusu kaputi, macho yako wazi hayapepesi, hakuna karatasi hakuna dawa, naambiwa tu "huyo wa mtaani, muachie atapona mwenyewe". Sikumuachia, nimemuweka stoo. Sasa leo nampelekea maji naona uzi mweusi unaning'inia tumboni na mshono umeachana upande mmoja, kuna majimaji na harufu. Napiga simu kwa yule dokta inaita tu. Kliniki nyingine wamesema hawashughuliki na paka asieshikika. Wa duka la dawa kaniambia mpe panadol nusu kwanza atulie maumivu.

Nimempa maji tu. Naomba mwenye kujua aniambie usiku huu nifanye nini, na hawa wengine waliobaki (kuna dume moja shavu limevimba kama limetiwa limao) nitawapeleka wapi ikiwa hawa madaktari wenyewe ndo hivi.

dokta_wa_bara

Dada, mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA Morogoro (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na nafanya kazi mkoani, ng'ombe ni wengi kuliko paka lakini paka nawatibu.

PANADOL USIMPE. Hata robo usimpe. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu, inageuka sumu, inaharibu damu, ufizi unabadilika rangi unakuwa kama wa kahawia, uso unavimba na anakufa. Kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinamaliza paka. Diclofenac na brufen nazo hivyohivyo. Na Dettol usimwoshee kidonda, ile nayo ni katika vitu ambavyo ini lake haliwezi, akijilamba anaimeza.

Sasa nijibu haya. Unaona nini ndani ya ule uwazi, ni nyama nyekundu imekaa tu au kuna kitu kinatokeza, mafuta meupe au kitu cha kung'aa mfano wa utumbo? Anakula? Anakojoa? Ukimwangalia kwa mbali amejikunja na kulala vizuri au amekaa amejikusanya kichwa chini?

Tumbo tunashona kwa tabaka, msuli ndani na ngozi nje. Ikifumuka ngozi peke yake, ina maudhi lakini usiku utapita. Ukifumuka msuli, utumbo unatoka, na hiyo ni dharura ya sasa hivi sio kesho. Ukiona kimetokeza kitu usikirudishe kwa mkono. Chemsha maji nusu lita weka chumvi kijiko kimoja cha chai, yapoe, lowesha kitambaa safi kabisa, funika hapo halafu umkimbize popote penye daktari hata kama unamgongea nyumbani kwake.

binti_magomeni

Asante dokta Mungu akubariki. Nimemmulika na tochi ya simu kupitia matundu ya tenga. Ni nyama nyekundu, haijatokeza kitu, uwazi mdogo hivi wa kama urefu wa kiganja cha... hapana nimekosea ni mdogo, wa ncha ya kidole gumba. Ule uzi ni wa plastiki mgumu hivi. Samaki amekula nilipoondoka, na mchanga nimeukuta umelowa. Amelala kwa ubavu. Nikisogea tu anafoka.

dokta_wa_bara

Akifoka ana nguvu, nimefurahi. Basi ni ngozi. Usiku huu usimshike. Toa ule mchanga, ukigusa kidonda unaingia ndani, weka magazeti yaliyochanwachanwa. Tenga lifunike kanga lote, giza linamtuliza, na paka akitulia haparamii na mshono hauvutiki. Asubuhi apelekwe asafishwe kwa nusu kaputi ndogo na ashonwe upya kama kidonda bado ni kibichi, kikishaoza pembeni wataacha kijifunge chenyewe na sindano ya antibayotiki.

Na hapo niseme kwa uchungu kidogo maana ni fani yangu. Paka asieshikika hafungwi ngozi kwa uzi wa nailoni wa kuja kutolewa. Nani atamtoa nyuzi? Anashonwa kwa uzi unaoyeyuka, na ngozi inashonwa kwa chini ili asipate pa kung'ata. Wengi wetu tunapenda kumfungulia ubavuni paka wa mtaa, sio katikati ya tumbo, kwa sababu utumbo haulalii mshono na unaweza kuukagua ukiwa umesimama mbali. Halafu kumkabidhi mtu mnyama bado macho yamekodoa ni vibaya sana. Dawa ya ketamini inaacha macho wazi, yanakauka, yanapata vidonda, ndo maana tunapaka mafuta ya macho. Na mwili unapoa mno, hasa mnyama wa kilo 2 na nusu, inabidi akae kwenye joto mpaka asimame mwenyewe.

Mzee wa Kigogo

Mwanangu roho yako nzuri lakini mnajipa kazi. Mkiwalisha ndo wanazidi. Sisi huku kwetu tulikusanya kwenye viroba tukapeleka Feri wakale vichwa vya samaki huko, mtaa ukatulia. Na wengine wanaweka sumu ya panya kwenye utumbo wa kuku inaisha habari.

mwana_shangani

Mzee wangu shikamoo, ila hapo sikubaliani na wewe hata kidogo, tena naomba unisamehe nikisema kwa ukali.

Mie niko Unguja, Mji Mkongwe, paka huku unawaona kila baraza na kila kichochoro toka enzi za wazee wetu. Ukiwatoa paka mahala penye chakula wanakuja wengine wapya kujaza ile nafasi, maana jalala liko palepale na panya wako palepale. Na wale ulowatupa Feri wanakuta wenyeji wao pale, wanapigana, wanakufa kwa njaa na majeraha. Hiyo ya sumu ndo haina hata mjadala, panya alokula sumu akiliwa na paka, paka nae anakufa, na mtoto akiokota ule utumbo jee? Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ukatili kwa mnyama ni kosa.

Alafu tumwogope Mungu. Mtume wetu (s.a.w) katuhadithia mwanamke aloadhibiwa kwa sababu ya paka alomfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumuacha ajitafutie. Na swahaba Abu Huraira jina lenyewe kalipata kwa kupenda kijipaka. Nasema hivi kwa sababu huku kwetu wengi wanakataa kuhasi wanasema ni kubadilisha maumbile. Mie nilienda kuuliza kwa shekhe wangu, akanambia wanazuoni wamehitilafiana, wapo wanokataza na wapo wanoruhusu pakiwa na maslaha na mnyama haadhibiwi. Nikatizama vile vijipaka vinavyokufa macho yamefungana usaha, nikaona maslaha gani makubwa kuliko haya. Kila mtu na moyo wake, mie ndo nilivotulia.

nyau_wa_kibokoni

Salaam kutoka Mombasa, Kibokoni. Dada wa Magomeni pole sana, haya yote tumeyapitia huku, madaktari wetu wengi ni wa ng'ombe na mbuzi na mbwa wa ulinzi, paka akiingia mlangoni daktari anarudi nyuma.

Mimi nitakwambia kitu kimoja ambacho laiti kila mtu angelikijua kabla ya kuanza. Paka shume unampata mara moja tu. Akishaingia kwenye mtego akatoka, haingii tena, atakuangalia wewe na dagaa wako mpaka mwaka uishe. Kwa hivyo kila kitu anachohitaji maishani mwake kifanywe ndani ya ile nusu kaputi moja: atolewe kizazi, achomwe chanjo ya kichaa cha mbwa, apewe dawa ya minyoo na viroboto, meno yaangaliwe, vidonda visafishwe, na akatwe ncha ya sikio la kushoto. Hiyo ya sikio ni muhimu, ni kama sentimita moja hivi, anakatwa akiwa hana habari, na kuanzia hapo mtu yeyote akimuona kwa mbali anajua huyu ameshafanyiwa. Bila hiyo utamnasa jike yuleyule tena apasuliwe tumbo bure kutafuta kizazi ambacho hakipo.

Kwa hivyo huyo wako kesho akilazwa kushonwa, usikubali arudi na mshono tu. Waambie na sikio, na chanjo, hapohapo.

Tenga la kuku achana nalo, atalipasua siku moja akutoe damu. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee sanduku la wavu wa chuma, refu kiasi paka aingie mzima na mkia wake, mlango wa kuanguka unaoachiwa na kibati anachokanyaga huko mwisho ndani. Kibati kiwe mbali na mlango. Siku ya kutega wasile tangu jana yake, maji wapate, na chambo kiwe cha harufu, dagaa wa kukaanga au samaki wa kopo mwenye mafuta. Akinaswa tu mfunike na leso, sekunde hiyohiyo, unamuona anaacha kurukaruka.

Na uzito. Hii ndio inayowaua wengi na watu hawajui. Daktari aliyezoea ng'ombe anakadiria kwa macho, paka wa kilo 2 anapigwa dawa ya kilo 4. Mimi napima mtego mtupu kwa muuza mchele, naandika kwenye plasta naibandika juu ya mtego wenyewe. Paka akiwa ndani napima tena, natoa, nampa daktari namba imeandikwa. Hakuna kukisia. Muuza mchele mwanzo alinuna, sasa ananiuliza mwenyewe "leo ana kilo ngapi".

Mzee wa Kigogo

Marahaba. Haya nimewasikia. Ila hamjanijibu, huyu binti ni mpangaji, atahasi paka wote wa Magomeni kwa mshahara upi?

nyau_wa_kibokoni

Swali la haki kabisa mzee. Hahasi wote wa Magomeni, anahasi wa uchochoro mmoja. Majike kwanza, pesa ikiwa chache ziende kwa majike, dume moja likibaki linatosha kuwapa mimba wote kwa hiyo kuhasi madume nusu hakupunguzi kitu. Na huku kwetu pwani tuko karibu na ikweta, mchana haufupiki ule wa kuwafanya paka wapumzike kuzaa kama wanavyopumzika Ulaya wakati wa baridi, jike anabeba mimba mwaka mzima, miezi miwili anazaa, na vitoto vya miezi minne mitano navyo vinaweza kuanza. Ukimfunga kizazi jike mmoja leo umezuia wengi kweli. Dume ni bei nafuu maana hafunguliwi tumbo, hilo mnaweza kulifanya baadae.

Huku Kenya walioko Nairobi wana KSPCA pale Karen, ni chama cha kutetea wanyama cha tangu 1910, na chuo kikuu pale Kabete wana kliniki ya wanyama. Sisi wa Mombasa tunaongea na daktari mmoja, tunampelekea wanne watano kwa siku moja aliyotupangia mwenyewe, anatupunguzia kwa sababu vyombo anachemsha mara moja. Mfuate daktari na mpango, usimfuate na paka mmoja anayelia.

dokta_wa_bara

Ushauri wa mwenzetu wa Kibokoni nauunga mkono wote. Niongeze upande wa sisi watoa huduma maana dada ameuliza atawaaminije.

Tanzania kuna Baraza la Veterinari, lipo kwa sheria ya mwaka 2003, kila daktari wa mifugo anasajiliwa pale. Kuna daktari, na kuna afisa mifugo msaidizi mwenye cheti au diploma, wote wanaitwa "dokta" mtaani. Afisa mifugo ni mtu muhimu sana kwa chanjo na minyoo, lakini kufungua tumbo la mnyama ni kazi ya daktari. Uliza bila aibu: umesajiliwa? Unatumia uzi gani ndani na nje? Dawa ya maumivu utampa baada ya kupasua, ipi? Utakaa nae mpaka aamke? Mtu wa kazi yake hakasiriki kwa maswali hayo. Akikujibu "ni paka tu huyo", ondoka na tenga lako. Na huyo asiepokea simu, andika tarehe, piga picha ya kidonda, mpelekee malalamiko yako yeye mwenyewe kwanza kwa maandishi, akikaa kimya peleka Baraza.

Dume lenye shavu: karibu kila mara ni jipu la kung'atwa. Meno ya paka ni membamba, yanachoma ndani, ngozi inaziba juu usaha unabaki chini. Linapasuliwa, linaoshwa, linaachwa wazi litoke, na humohumo anahasiwa, akishahasiwa kupigana kunapungua. Antibayotiki ya vidonge utampaje paka shume? Ipo sindano ya sefovesini, inakaa mwilini wiki 2, ni ghali na sio kila mahali ipo, ulizia. Kama haipo kuna amoksilini ya kukaa muda, siku 2, kisha tunaendelea kwa kusaga dawa kwenye samaki. Lakini mtu asikuchomee ile penstrep ya ng'ombe ya kwenye duka la pembejeo, streptomaisini iliyomo ndani yake inaharibu sikio la paka na mizani ya mwili, anabaki anatembea upandeupande.

Jambo la mwisho na naomba ulichukue kwa uzito. Akikuparura au kukung'ata mmojawapo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona paka atakuwaje. Kichaa kikishaonesha dalili kwa mtu hakuna dawa.

binti_magomeni

Jamani nimerudi. Tumeenda asubuhi kliniki nyingine, nimeuliza maswali yote ya dokta mlangoni kabla hata sijashusha tenga kwenye bajaji. Dada daktari kijana tu, hakukasirika, akasema "wewe nani kakufundisha". Kaangalia, ni ngozi kweli, msuli umekaa. Katoa ile nailoni, kaosha, kashona upya kwa uzi wa kuyeyuka, kamchoma meloksikamu ya maumivu kwa uzito wake, chanjo, na sikio la kushoto kakata. Nimemkuta kwenye sanduku na chupa ya maji ya moto imefungwa taulo, macho yamepakwa mafuta. Kasema akae ndani mpaka nione ngozi imekauka na amekula vizuri ndo nimrudishe uchochoroni kwake palepale alipotoka.

Dume nimempangia nae, na fundi wa kuchomelea nimeshampa vipimo. Mzee wa Kigogo asante kwa kuuliza pesa, dada wa samaki kasema atakuwa anaweka kopo pale mezani.

Swali la mwisho. Kuna jike lingine la kijivu naliona tumbo limelegea na chuchu zimetoka, manyoya yamepukutika kuzizunguka. Huyu nae nimtege?

mwana_shangani

Huyo ananyonyesha, muache kwanza! Ukimfungia siku mbili watoto wanakufa huko walikofichwa na hutojua wako wapi. Msubiri vitoto vianze kumfata kwenye chakula, vikishakuwa na wiki tano sita hivi vinakula wenyewe, hapo mtege mama, na vitoto ukiviwahi umri huo vinazoea mkono, unavitafutia nyumba. Usichelewe lakini, anaweza kushika mimba nyingine huku bado ananyonyesha.

Na ukija ukaokota vidogo kabisa bila mama, kabla ya maziwa vipashe joto, kijipaka kilichopoa tumbo halisagi kitu. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha, tafuta ya unga ya vijipaka, ukikosa ya mbuzi ndo afadhali. Kilishe kimelalia tumbo, usikilaze chali kama mtoto wa mtu, yataingia mapafuni. Na ukimaliza futa huko nyuma kwa pamba ya uvuguvugu mpaka kikojoe, hakiwezi chenyewe mpaka kifike wiki tatu hivi.

dokta_wa_bara

Sahihi kabisa huyo. Na lile sanduku ulilomrudishia mgonjwa, kabla hujamtegea mwingine lioshe na jiki iliyochanganywa na maji, liache likauke juani. Kuna ugonjwa wa paka wa kutapika na kuharisha, jamaa yake parvo ya mbwa, unaua vijipaka kwa siku chache na virusi vyake vinaweza kukaa mwaka mzima kwenye vyombo na sakafu, sabuni ya kawaida haiviui. Siku ya dume ukifika uliza na chanjo yake kama wanayo.

binti_magomeni

Sawa dokta, jiki ninayo. La kijivu naliacha mpaka nione vitoto, dume linaenda wiki ijayo.